Nilipiga Honi Badala ya Kushika Breki

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia ujumbe mrefu wa kunipa pole kwa ajali ya pikipiki niliyoipata safarini, akaumalizia kwa swali ambalo limeninyima usingizi kuliko huu mtulinga uliovunjika: "Kaka, haki ya kupita kwanza ilikuwa yako, taa ulikuwa umewasha, koti la kuakisi mwanga ulikuwa umevaa. Sasa sisi wengine tutapona vipi?" Nilikuwa nimekwisha kuandika jibu la mistari miwili la kumtia moyo, kisha nikalifuta, kwa sababu lilikuwa jibu la mtu anayetaka kuonekana hana kosa.

Wengi mnaonisoma ni watu wa safari kama mimi, na hamhitaji kuelezwa kwa nini mtu mwenye akili timamu anafunga mikoba pembeni mwa pikipiki na kuondoka nyumbani kwa siku kumi. Kwa miaka kumi na mmoja nimesafiri hivyo bila kupata hata mchubuko, nami nimeliandika hilo mara nyingi kwa majivuno ambayo leo nikiyasoma yananitia aibu. Niliamini kwamba ajali ni za wanaokimbiza, wanaolewa, na wanaopanda pikipiki wakiwa wamevaa kandambili.

Siku saba za mwanzo za safari hii sina haja ya kuzisimulia. Mvua ilininyeshea mara mbili na mnyororo ulilegea mara moja. Siku ya nane, saa tisa alasiri, nilikuwa nikiteremka mteremko mrefu kuelekea makutano, mwendo wangu ukiwa kilomita 70 kwa saa mahali panaporuhusiwa 80. Nawaandikia nyinyi mlioharakisha kusema kwamba "lazima alikuwa anakimbiza": sikuwa nakimbiza, na askari aliyepima barabara ile aliandika hivyo. Gari dogo jeupe lililokuwa likija kutoka upande wa mbele lilikuwa limesimama katikati ya barabara, likisubiri kukata kona na kuivuka njia yangu. Dereva aligeuza uso akatazama upande wangu. Nilimwona akitazama, na kwa hesabu zangu mtu akishakutazama basi amekuona.

Zilikuwa zimebaki kama mita 45 gurudumu la mbele la gari lile lilipoanza kuzunguka. Kidole gumba changu kikaenda kwenye honi.

Nilimgonga kwenye kona ya nyuma ya gari, nikaruka, nikaangukia bega. Ninachokumbuka vizuri zaidi ni viatu vya yule dereva, mzee mmoja, vilivyosimama karibu na uso wangu, na sauti yake ikirudia, "Mwanangu, sikukuona. Mwanangu, sikukuona kabisa." Maneno hayo yaliniuma kuliko bega lenyewe. Ingekuwa afadhali aniambie kwamba aliniona akadhani atawahi, kwa maana hapo angalau ningekuwa mtu barabarani. Lakini mtu mzima, mchana kweupe, aniangalie mimi na pikipiki yenye uzito wa zaidi ya kilo 200 na taa inayowaka, kisha aseme kwamba pale palikuwa patupu!

Katika wiki nne za kukaa mkono ukiwa umefungwa kifuani nimesoma mengi juu ya maneno hayo mawili, na nimelazimika kukubali kwamba huenda mzee hakusema uongo. Mwaka 1981 mtafiti Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walitoa ripoti iliyochunguza kwa kina ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles, wakakuta kwamba pale pikipiki ilipogongana na chombo kingine, katika theluthi mbili hivi ya ajali aliyeinyang'anya pikipiki haki ya kupita kwanza alikuwa dereva wa chombo hicho kingine. Wakakuta pia kwamba, katika ajali ya kawaida, tangu hatari inapoanza hadi kishindo, mwendesha pikipiki huwa na muda usiofika sekunde mbili. Pikipiki ikikujia moja kwa moja ni kitu chembamba ambacho machoni pako hakiongezeki ukubwa hadi dakika ya mwisho, na ubongo una mazoea ya kudhani kwamba kilicho kidogo kiko mbali na kitachelewa kufika. Ile nguzo inayoshika kioo cha mbele cha gari inaweza kuificha pikipiki nzima pamoja na aliyeipanda. Na macho yanaporuka kutoka upande mmoja wa barabara kwenda mwingine, katikati ya mruko huo hayaoni chochote, ingawa mwenye macho huamini ameona barabara yote. Kwa hiyo uso uliogeuzwa upande wako si ahadi. Nikirudi barabarani sitatafuta tena macho ya dereva. Nitatazama gurudumu lake la mbele, maana ndilo linalotangulia kusema ukweli.

Ningeweza kuishia hapo, na makala ingependeza, lakini msomaji wangu aliuliza swali la haki.

Kilomita 70 kwa saa ni zaidi ya mita 19 kwa sekunde. Katika sekunde yangu ya kwanza, ambayo ilikuwa nusu ya uhai wangu wote mahali pale, nilipiga honi. Sikuipiga ili mzee anisikie. Niliipiga kwa hasira ya mwenye haki, kumkaripia, na wakati namkaripia mita 19 zilipita vidole vyangu vikiwa havijagusa breki. Lau vidole vingekuwa tayari juu ya breki ya mbele, mita 45 zingenitosha kusimama, na kwa kilomita 50 kwa saa zingebaki nyingi, kwa kuwa umbali wa kusimama kwa mwendo huo, ukiacha muda wa kushtuka, ni karibu nusu ya ule wa 70. Nilipokuja kubana breki, mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ulifanya kazi yake, nami naushukuru. Si bure kwamba Umoja wa Ulaya uliulazimisha tangu 2016 kwa aina mpya za pikipiki zenye injini inayozidi sentimita za ujazo 125. Lakini mfumo huo hauwezi kukurudishia sekunde uliyoitumia kugombana.

Basi ushauri wangu, ndugu zangu, ndio huu, na nitaurudia hata mkinichoka: punguzeni mwendo kabla ya makutano, hata kama njia ni yenu. Vidole juu ya breki ya mbele, kwa sababu ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha. Sogeeni ndani ya njia yenu, kushoto au kulia, ili mtoke nyuma ya nguzo ya kioo na ili taa yenu ionekane ikihama. Nyuma ya lori, ikiwa huoni vioo vya pembeni vya dereva, fahamu kwamba na yeye hakuoni. Na anayeliovateki gari jingine akikujia uso kwa uso, mpishe kwanza, hasira utakuja kuitoa jioni ukiwa umekunywa maji. Punguzeni mwendo.

Naomba pia tuache kushindana kwa kilomita. Siku ile nilikuwa nimekwisha kwenda kilomita 520, na nilikuwa nazihesabu kwa sababu nilitaka kuja kuziandika hapa. Mnaonipongeza kwa siku ndefu namna hiyo mnanipongeza kwa uchovu. Mtu aliyekaa juu ya pikipiki kwa muda wa saa saba, upepo ukimpiga kifuani na kelele zikimjaa masikioni, anaona makutano kama picha tu, na hajui kama dereva aliye mbele yake amechoka kuliko yeye, wala hataki kujua. Sisi tunawalaumu madereva kwamba hawatabiriki. Mimi baada ya saa saba barabarani sikujitabiri hata mwenyewe.

Kuhusu kofia ngumu sitasema mengi, ila kwamba yangu ina mkwaruzo mrefu kwenye kidevu, mahali ambapo kofia ya wazi isingekuwa na kitu. Mwaka 1935 T. E. Lawrence, yule aliyejulikana kama Lawrence wa Arabuni, alianguka na pikipiki yake nchini Uingereza akiwakwepa vijana wawili wa baiskeli, akafa siku sita baadaye bila kuzinduka. Daktari wa upasuaji wa ubongo, Hugh Cairns, alikuwa miongoni mwa waliomhudumia, na mwaka 1941 alichapisha utafiti juu ya majeraha ya vichwa vya waendesha pikipiki na faida ya kofia ngumu. Kofia yangu nimeitundika ukutani. Baada ya kishindo kama kile haifai kuvaliwa tena.

Nimemjibu yule msomaji kwamba nitasafiri tena mfupa ukiunga, kwa siku za kilomita 300 na si zaidi. Jambo moja tu sijaweza kulimaliza. Yule mzee alinipigia simu mara tatu nikiwa hospitali, na mara moja tena Jumapili iliyopita. Namba yake ninayo. Simu ikiita naitazama mpaka inanyamaza, kwa sababu akiniuliza kama na mimi nilimwona yeye, nitalazimika kumwambia kwamba nilimwona vizuri sana.