Mkaa unafyonza risasi au unainasa?

Msomaji wetu mmoja anaandika ripoti ya kusafisha maji taka ya kiwandani, anauliza hivi: "Nimeandika mkaa amilifu unafyonza madini ya risasi, mwalimu kakata neno fyonza kwa wino mwekundu. Sasa niseme nini? Na mkaa ukijaa, kusema 'umeshiba' si neno la mtaani?"

Asante sana ndugu, swali zuri na mwalimu wako yuko sahihi kabisa. Kufyonza, au kusharabu kama wengine wanavyopenda kusema, ni kitu kuingia ndani ya kingine kikaenea humo mwilini mwake, yaani kama sifongo na maji. Mkaa amilifu, yaani mkaa uliotengenezwa maalumu uwe na vitundu vingi, haufanyi hivyo. Risasi, kadimiamu (metali nyingine yenye sumu) au rangi ya nguo vinakuja vinanata kwenye uso wa mkaa tu, basi, ila huo uso usiuone mdogo manake umejaa vitundu visivyoonekana kwa macho, gramu 1 tu ya mkaa amilifu mzuri inaweza kuwa na uso wa zaidi ya mita za mraba 500! Wanasayansi nao waliona haya mambo mawili yanachanganywa, ndo mwaka 1881 Mjerumani Heinrich Kayser akaleta neno la peke yake la huku kunata juu, adsorption.

Kwa hiyo mimi nakushauri uandike kunasa. Mkaa unanasa risasi, risasi inanaswa na mkaa, na ukitaka kuanza na uchafu wenyewe sema risasi inanata kwenye mkaa, usiseme "inanata mkaa", hapo sarufi inakataa.

Kuna wanaosema mkaa "unachuja" na hili linanikera kidogo manake linapoteza maana yote. Chukua maji yenye rangi ya methilini bluu uyapitishe kwenye kitambaa, yatatoka bluu vilevile kwa sababu rangi imeshayeyuka, hakuna cha kuchuja hapo. Sasa tia unga wa mkaa amilifu, koroga, acha muda kidogo halafu ndo upitishe kitambaani, maji yanatoka meupe. Kitambaa kimechuja unga, rangi imenaswa na mkaa, ni kazi mbili tofauti na kila moja ina kitenzi chake.

Kugandisha nako usikuguse, hicho ni kitenzi cha shabu, ile inayokusanya tope laini likawa mabonge yakazama chini, na kwenye mtambo mmoja unaweza kukuta kugandisha, kuchuja na kunasa vyote vinafuatana, sasa ukivichanganya kwenye ripoti msomaji hajui uko hatua ipi.

Jina la kitendo andika tu "kunasa" au "unasaji", na mkaa, zeolaiti (madini yenye vitundu vidogo sana), udongo wa mfinyanzi, hata maganda ya mpunga ukiviweka pamoja viite vinasaji, ila mara ya kwanza eleza kwa sentensi moja unamaanisha nini, wasomaji wengi bado hawajalizoea neno hili. Na ile hali ya mkaa kujaa hadi hauchukui tena, umeuliza kama "umeshiba" ni neno la mtaani, hapana, liandike bila wasiwasi, mkaa umeshiba, hakuna linaloeleza vizuri kuliko hilo.