Karama aliachiwa, Tumaini akanyongwa

Mhariri, wiki hii mmeuliza: fikra za uliberali, yaani haki ya mtu mmoja mbele ya dola, zilianza kufifia lini katika riwaya ya Kiswahili? Wengi watataja 1967, Azimio la Arusha lililotangaza siasa ya ujamaa. Kwangu mimi ufa ulikuwamo tangu 1951, ndani ya riwaya ya Kusadikika yenyewe.

Tazameni Shaaban Robert alivyoijenga kesi ile. Kosa la Karama, mhusika mkuu, ni kufundisha sheria. Waziri Majivuno anamshtaki mbele ya mfalme, naye anajitetea kwa habari za wajumbe sita waliotumwa mashariki, kaskazini, kusini, magharibi, mbinguni na ardhini. Walirudi na mapendekezo mema, malipo yao yakawa gereza. Sehemu kubwa ya kitabu ni sauti ya mshtakiwa, na uliberali wake umekaa humo hasa, kwenye kurasa alizoachiwa mtu mmoja aseme, kuliko kwenye maneno mazuri juu ya haki. Lakini nani analifungua gereza? Mfalme. Hakuna kura wala katiba inayomlazimisha. Angeziba masikio, Karama angekwisha.

Mwandishi alifariki 1962. Mwaka huohuo Tanganyika huru ilipitisha sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kesi.

Njooni sasa kwa mwandishi Euphrase Kezilahabi. Katika riwaya yake Dunia Uwanja wa Fujo (1975), mhusika mkuu Tumaini kwanza anautafuna urithi kwa starehe. Anapotulia na kuwa mkulima, shamba lake linakumbwa na siasa ya ujamaa. Hatafuti wa kumsikiliza. Anaua kiongozi wa serikali, ananyongwa. Mahakama inafika nyuma kabisa, kuhukumu tu. Wanafunzi hufundishwa kwamba Tumaini ni bepari aliyevuna alichopanda, wakafunga kitabu. Hapo ndipo usomaji unapoharibika. Kumtetea Karama ni rahisi, kila mtu anampenda. Tumaini hapendeki, na haki inapimwa kwa mtu kama huyo.

Gamba la Nyoka (1979), riwaya yake nyingine, juu ya watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, ingesomwa zaidi huku kwetu Kigoma. Operesheni ya kuhamishia watu vijijini ilitufikia 1972. Novemba 1973 ikawa amri ya nchi nzima. Msomaji wa Kasulu au Kibondo, ambako nyumba zilipangwa kwa mistari, hahitaji kuelezwa kuhamishwa kwa nguvu ni nini. Kinachouma zaidi ni wahusika wake Mambosasa na Mamboleo. Ni wasomi, watu ambao Karama angewatarajia wasimame kizimbani pamoja naye. Wamesimama upande wa watekelezaji.

Kwa vikundi vya usomaji vya Ujiji na Mwanga, hapa Kigoma, chukueni penseli. Kila mtu anaposhtakiwa au kuamriwa jambo, andikeni pembeni mambo matatu: amesema mistari mingapi, nani ameamua, na rufaa inakwenda wapi. Msiandike kwanza mwandishi yuko upande gani. Mkianza na hilo mtanukuu hotuba za wahusika kana kwamba ni zake, na Kezilahabi hasomeki hivyo.

Kwa Karama mistari itajaa, lakini nafasi ya rufaa itabaki tupu. Kwa Tumaini hata mistari itapungua. Haki za binadamu ziliingizwa kwenye katiba yetu 1984, na mahakama zikaruhusiwa kuzisimamia 1988, miaka 37 baada ya Kusadikika.

Msomaji, Kigoma