Kumkatia Maji Jirani Si Kutekeleza Sheria Ndogo

Swali: Mimi ni katibu wa kamati ya wamiliki wa fleti 24 hapa Ntinda, Kampala. Mmiliki mmoja ameziba roshani yake kwa vyuma na vioo bila idhini, tena hajalipa ada ya huduma miezi 7, jumla shilingi 1,750,000. Tulimkatia maji. Siku ya tisa ikaja barua ya wakili wake. Tumekosea wapi?

Jibu: Mrudishieni maji leo hii, ndugu Katibu, kisha urudi kusoma yaliyobaki.

Kamati zinazokuja ofisini kwangu zina hoja ileile: halipi, basi hana haki ya maji. Kosa ni kumwona mmiliki kama mpangaji. Ana hati yake, kama wewe ulivyo na yako. Chini ya Sheria ya Mali za Kondominiamu ya Uganda ya 2001, yaani ya majengo ambayo kila fleti ina mmiliki wake, ramani ya jengo ikishasajiliwa wamiliki wote huwa shirika moja kisheria, na mdaiwa sugu naye ni mwanachama. Kamati inalitumikia shirika hilo. Si landilodi wa mtu.

Niliwahi kuitetea kamati iliyofunga valvu ya fleti ya ghorofa ya nne. Mama mwenye fleti alileta picha mahakamani: jerikeni sita za njano kwenye ngazi, mwanawe amekalia mojawapo. Hakimu hakugusa habari ya deni. Aliuliza ni kifungu gani cha sheria ndogo, yaani kanuni za shirika la wamiliki, kinachoruhusu kufunga valvu. Mwenyekiti akafungua faili, akapekua, akalifunga. Deni lilikuwa la kweli kabisa, na bado shirika ndilo lililobeba gharama za kesi.

Mna mambo mawili; msiyachanganye. Deni ni jepesi. Utaratibu wa madai madogo unapokea madai yasiyozidi shilingi milioni 10, na hamhitaji wakili, hata mimi. Mpeni kwanza notisi ya madai kwa maandishi, kisha mfike mahakamani na orodha ya malipo yake na kumbukumbu za mkutano uliopanga ada hiyo.

Roshani ndiyo kazi. Angalieni kwanza ramani iliyosajiliwa: fleti yake inaishia wapi, na mali ya wote inaanzia wapi? Kamati nyingi hazijawahi kuiona ramani yao. Mkishajua, mwandikieni mkitaja kifungu alichovunja, mpeni muda wa kurekebisha, mwiteni ajieleze, na maneno yake yaandikwe kitabuni hata kama yanawakera. Akikataa, ombeni amri ya mahakama. Na kama wapo wengine wawili walioziba roshani zao mwaka juzi mkanyamaza, anzeni kuwaandikia hao pia, maana wakili wake atazipiga picha roshani zao kuonyesha kuwa mnambagua mteja wake.

Linalonikasirisha zaidi ni watu wanaoziuzia kamati njia za mkato. Wanajiita madalali wa mahakama, wanafika na pikapu na karatasi yenye mhuri wa duara, wanaahidi kubeba friji ya mdaiwa kabla ya Ijumaa. Waulizeni waranti iko wapi. Bila waranti ya mahakama huo ni wizi, na aliyewaita ni ninyi. Wengine huwashauri mbandike jina la mdaiwa getini, mumzuie askari asimfungulie gari lake, au mkamwombe mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa, aifunge fleti. Mwenyekiti wa LC1 anaweza kuwakalisha mkasikilizana, na mara nyingi husaidia sana. Kumfungia mtu nyumba yake hawezi. Faini nazo ni hivyo hivyo: faini iliyozaliwa kwenye kundi la WhatsApp saa nne usiku, isiyomo katika sheria ndogo zenu, haidaiwi popote.

Wakili wake mjibuni wiki hii kwa aya mbili: maji yamerudi tarehe fulani, deni na roshani vitashughulikiwa kila kimoja kwa njia yake. Barua isainiwe kwa niaba ya shirika baada ya kikao. Usiisaini peke yako.