Asilimia 10 ya Nini? Maswali Yenu Kuhusu Kazi ya Vitabu

Swali: Nimemaliza shahada ya fasihi na nataka kuwa mhariri. Nianzie wapi?

Shahada imekuzoeza kuchambua kitabu kilichokwisha kuchapishwa. Mhariri hupokea kitu ambacho bado hakijawa kitabu, na hapo ndipo wahitimu wengi hukwama. Omba mswada wa mwenzako, hata kurasa 30 tu. Usome mara ya kwanza bila kalamu mkononi. Mara ya pili tazama muundo: sura ipi imekuja mapema, mhusika gani ametoweka bila maelezo. Mara ya tatu shughulikia lugha. Prufu, yaani kusaka makosa madogo madogo ya uchapaji, iwe ya mwisho kabisa: herufi, nafasi, namba za kurasa, vichwa vya sura kulingana na orodha ya yaliyomo. Anayejaribu kuyafanya yote kwa mkupuo mmoja huacha makosa kila mahali.

Kila unapobadilisha sentensi, andika sababu pembeni. Ukiikosa sababu, rudisha maneno ya mwandishi kama yalivyokuwa. Nimeona miswada mizuri ikiuawa na wahariri wachanga wanaodhani kusahihisha ni kuandika upya.

Swali: Je, lazima nisajili hakimiliki kabla ya kumpelekea mchapishaji mswada wangu?

Hapana, na nimeshalijibu hili mara nyingi. Mkataba wa Berne, yaani makubaliano ya kimataifa kuhusu hakimiliki, ni wa mwaka 1886, na tangu ulipofanyiwa marekebisho mwaka 1908 haudai usajili wowote. Katika nchi wanachama hakimiliki huanza pale unapoandika, na kwa kazi za fasihi hudumu angalau miaka 50 baada ya mwandishi kufariki. Tunza rasimu zako pamoja na tarehe zake. Mnaogopa sana kuibiwa, ilhali haki nyingi hutoka mikononi mwa waandishi kwa saini zao wenyewe.

Swali: Mchapishaji ameniahidi mrabaha wa asilimia 10. Nikubali?

Asilimia 10 ya nini? Mrabaha ni fungu la mauzo analolipwa mwandishi. Tuseme kitabu kinauzwa kwa 100 na duka linapewa punguzo la 40. Mrabaha ukikokotolewa kwa bei ya jaladani, unapata 10. Ukikokotolewa kwa kile kinachomfikia mchapishaji, unapata 6. Mkataba usiotamka ni ipi kati ya hizo mbili, urudishe ukaandikwe upya.

Kisha soma kifungu cha haki. Je, anachukua haki ya kuchapa tu, au pia tafsiri, filamu na kitabu cha sauti? Kwa muda gani? Haki zinakurudia lini kitabu kikiacha kuchapwa? Mkataba wangu wa kwanza niliusaini nikiwa nimesoma ukurasa wa malipo peke yake, na haki za tafsiri zikaondoka na kifungu nilichokiruka. Ilinichukua miaka kuzirudisha. Tafadhali, msaini mkishasoma.

Swali: Kampuni inataka nilipie gharama za kuchapisha. Je, ni utapeli?

Si lazima. Lakini anayekutoza fedha anakuuzia huduma, kwa hiyo haki zote zibaki kwako. Akitaka fedha zako na haki zako pia, ondoka.

Swali: ISBN moja inatosha kwa kitabu cha karatasi na cha kielektroniki?

Haitoshi. ISBN ni namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, na kila umbo lina namba yake.

Swali: Ninajua lugha mbili vizuri. Naweza kuwa mfasiri wa fasihi?

Utapimwa zaidi kwa lugha unayoandikia kuliko ile unayoitafsiri, basi isome hiyo kila siku. Na dai katika mkataba kwamba jina lako litatajwa kitabuni.

Swali: Nimetuma mswada kwa wachapishaji 20 kwa barua pepe moja, hakuna aliyejibu. Tatizo ni nini?

Barua hiyo moja. Kila mchapishaji ana masharti yake: wengine huomba muhtasari na sura tatu, wengine hawapokei mashairi kabisa. Tuma upya, mmoja mmoja, ukianza na wale ambao umeshasoma walau vitabu viwili vyao.