Ukipewa kuandika wasifu wa askari mstaafu aliyependa pori

Mjomba wangu alipofariki, ndugu waliniachia mimi kazi ya kuandika wasifu wake. Ujana wake wote aliutumia jeshini, akastaafu, na tangu hapo ukimtaka asubuhi ulimfuata porini au mtoni. Siku hizi nikisikia mtu kapewa kazi kama ile, neno langu la kwanza kwake ni moja: usianzie kwenye vyeo.

Vyeo vina mahali pake, na kuvipata si shida. Tafuta cheti cha kustaafu, kitambulisho na namba yake ya jeshi, maana namba ndiyo inayowatenganisha watu wenye majina yanayofanana. Medali igeuze uangalie ukingoni, kwani baadhi ya majeshi huchonga hapo jina na namba ya mwenyewe. Usiisugue ili ing'ae. Kila ukisugua, maandishi yanalika. Nyaraka zote zipige picha mapema. Hata kumbukumbu za serikali huteketea: mwaka 1973 moto uliunguza mafaili ya wanajeshi yapatayo milioni 16 hadi 18 katika hifadhi ya St. Louis, Marekani, na hayakuwa na nakala. Karatasi iliyo sandukuni mwenu huenda ndiyo pekee iliyobaki.

Lakini mjomba niliyemjua hakuwamo kwenye cheti. Alikuwa kwenye kidaftari chake, ambamo upepo uliandikwa kabla ya tarehe: unavuma kutoka wapi, una nguvu gani, kisha ndege aliowaona. Alikuwa kwenye darubini ambayo mkanda wake ulikatika akaufunga kwa kamba ya buti. Na alikuwa kwenye ile ngumi yake. Tukitembea naye, ghafla aliinua ngumi juu bila kugeuka, ishara ya askari ya kusimamisha kikosi, nasi watoto tuliganda pale pale. Mbele yetu, juu ya tawi lililoinamia maji, mdiria angekuwa ametulia akivizia samaki. Niliposoma habari ya ngumi ile mazikoni, wenzake wa jeshini na wenzake wa uvuvi walitikisa vichwa kwa pamoja kukubali. Ndicho kitu unachokitafuta, jambo dogo ambalo pande zote mbili za maisha yake zinalitambua.

Hutalipata ukiuliza, "Alikuwa mtu wa namna gani?" Kila mtu atakujibu alikuwa mcheshi, mtu wa watu. Uliza alitangulia au alikaa nyuma njiani, mfukoni alibeba nini, akichoka alipumzika wapi. Ikiwezekana, nenda na rafiki yake hadi pale walipozoea kukaa. Mimi nilikwenda na mzee aliyevua naye, na mambo ambayo sebuleni hakuyakumbuka yalimjia mwenyewe tulipofika ukingoni.

Kuhusu vita, kuwa mwangalifu sana. Mjomba hakupenda kuvizungumzia, nami niliandika alikotumikia na muda aliotumikia, basi. Usimtungie ushujaa. Vilevile usiandike kwamba pori lilimponya vidonda vya vita kama yeye hakusema hivyo. Pengine alipenda tu ndege, na kupenda ndege kunatosha kuandikwa.

Kama askari wako bado yu hai, mrekodi sasa. Maktaba ya Bunge la Marekani inakusanya simulizi za maaskari wa nchi hiyo tangu mwaka 2000, na mahojiano inayoyapokea hayapungui dakika 30. Muda huo unaupata katika matembezi mafupi tu. Usimkalishe kitini kama shahidi. Tembea naye pale anapopapenda, simu uikinge na upepo, na akinyamaza usiharakishe swali linalofuata. Jina la kila mto, kilima na rafiki anayemtaja liandike siku hiyo hiyo, kisha umsomee akusahihishe.