Ndoo ngapi si hoja, hoja ni nani kamwaga mchuzi kwenye karatasi

Swali la wiki linauliza: "Nyumbani kwenu mnatenganisha taka kwenye ndoo ngapi, na mnafanya nini ili zipungue?" Mhariri, nimelisoma nikiwa naosha vyombo nikaacha sinki na mapovu yake, maana hili swali limenigusa pabaya. Niseme mapema kabisa kwamba mambo ya ndoo ngapi sijibu. Weka hata saba. Kinachonikera ni hii imani kwamba mtu akishanunua ndoo za rangi rangi akazipanga ukutani basi taka zake zimeshatoka duniani, kumbe zimehama tu kutoka ndoo nyeusi kwenda ndoo ya kijani, uzito uleule, harufu ileile.

Mi niko upande wa wanaosema kutenganisha ni geresha, au nilikuwa, tutajua nikimaliza kuandika. Na sababu ninazo. Chukua plastiki peke yake. Kuna utafiti ulitoka 2017, ulipiga hesabu ya plastiki yote iliyotengenezwa duniani tangu miaka ya 1950 mpaka 2015, ukakuta kwamba katika yote iliyoishia kuwa taka, iliyorejelezwa ni kama asilimia 9 tu, asilimia 12 ikachomwa moto, na iliyobaki ipo, iko madampo, iko porini, iko baharini. Asilimia tisa jamani! Na muda wote huo watu wameosha vikopo vya mtindi kwa moyo mmoja.

Halafu kuna hiki kipembetatu cha mishale chenye namba ndani chini ya chupa. Ukimuuliza mtu atakwambia maana yake kitu kinarejelezwa. Hapana. Hizo namba 1 mpaka 7 zilianzishwa 1988 na chama cha wenye viwanda vya plastiki cha Marekani na kazi yake ni kutambulisha aina ya plastiki, basi, haziahidi chochote. Chupa za maji ni 1, madumu ya sabuni mengi ni 2, hizo mbili ndo zina wanunuzi karibu kila mahali, lakini ukija kwenye 3, 6 na 7 utahangaika sana kumpata wa kuzichukua. 2013 wanaosimamia viwango vya hizo namba waliamua mishale itolewe ibaki pembetatu tupu, ila moldi (kalibu) za zamani viwandani zinaendelea kupiga mishale, na sisi tunaendelea kudanganyika. Na ile 2018 China ilipofunga mlango kwa taka za plastiki kutoka nje, nchi nyingi tajiri zilizokuwa zinajisifu kwa risaikling zikabaki zimekaa na marobota hazijui pa kuyapeleka. Kwa hiyo mtu akinijia na ndoo zake za rangi mi huwa namtazama tu.

Sasa niwape kisa, na mnivumilie kwa sababu ndicho kilichonifanya niache vyombo.

Baba mkwe alikuja kukaa na sisi. Ana meno ya bandia ya chini ambayo yanambana akila, kwa hiyo kawaida yake akimaliza tonge la mwisho anayavua, anayafunga kwenye tishu, anayaweka pembeni ya sahani, anaendelea na maongezi. Wakati huohuo alikuwepo wifi yangu, na wifi ndo kamanda wa taka katika ukoo mzima. Alishatupangia ndoo tatu jikoni: ya kijani mabaki ya chakula, ya bluu karatasi, ya tatu isiyo na rangi maalum ni "mengineyo". Ukikosea anakuita kutoka chumbani urudi utoe ulichotupa uweke panapostahili, hata kama wewe ndo mwenye nyumba. Siku hiyo meza aliitoa yeye.

Jioni mzee anaita, "Mama, meno yangu umeyaweka wapi?" kwa ile sauti ya mtu asiye na meno ya chini, watoto wakakimbilia chumbani kwenda kucheka kwenye mito. Nikamwambia baba sijayaona. Tukaangalia mezani, chini ya meza, kwenye makochi, mfukoni mwa shati lake, kwenye beseni la vyombo. Hamna. Ndipo mtu akataja tishu, na sote tukageuka kutazama zile ndoo.

Wifi akasema kwa uhakika kabisa kwamba kama yametupwa yatakuwa kwenye mabaki ya chakula maana yalitoka kwenye sahani. Tukatandika turubai nyuma ya nyumba. Glavu zilikuwa jozi moja, akavaa ya kulia, mi nikavaa ya kushoto. Nikajaribu kuinua ile ndoo ya kijani kwa mkono mmoja ikanishinda, tukaishika wawili tukaimwaga.

Ndugu msomaji, hujawahi kuona taka zako mpaka uzione zimelala chali kwenye turubai. Kwanza maji. Yalitoka maji meusi mazito yakakimbilia miguuni kwetu kabla hata ya kitu kigumu kudondoka. Halafu fungu la mboga za majani bado limefungwa uzi wake, halijaguswa, limeyeyuka katikati. Nusu mkate ndani ya mfuko wake, kifungio kimewekwa vizuri kabisa utadhani kuna mtu alikuwa na mpango wa kuurudia. Kijiko kidogo cha chai, halafu kingine, na mi nilikuwa nimeshamshuku mtu kwa vile vijiko. Ndala ya mtoto. Na tishu! Sikujua familia inaweza kumaliza tishu namna ile. Kila donge la tishu ilibidi tulibinye kwa vidole tuone kama kuna kigumu ndani, na kuna madonge ukiyabinya yanakujibu vibaya. Mzee kaletewa kiti, kakaa na mkongojo wake anaelekeza, "Lile pale. Siyo hilo. Lile la nyuma yake." Hamna meno.

Tukaja ndoo ya mengineyo, na hapa kuna kitu nilikiona ambacho sikukisahau: niliinua ule mfuko kwa vidole viwili. Ulikuwa umejaa mpaka juu lakini ni hewa tupu, vifuko, vikopo, mifuniko, chupa ambazo hakuna aliyejisumbua kuzibonda. Yaani ndoo tunayoilalamikia kila siku kwamba inajaa haina kitu ndani, na ile tunayoiona ya kawaida ndo inavunja mgongo. Kila kikopo kilikuwa na kijiko kizima cha kitu chini, na hivyo vijiko vilikuwa vimeshatapakaa kwenye vingine vyote. Meno hamna.

Ikabaki ya bluu. Wifi akagoma. "Humo hamna kitu wifi, humo ni karatasi tupu." Mtoto wangu wa pili, ambaye alisharudi kutoka kucheka, akaipindua bila kumuuliza mtu. Karatasi hazikudondoka moja moja, zilitoka kama tofali. Katikati kulikuwa na boksi ambalo lilikuja na chakula, mafuta yameingia mpaka upande wa pili, mchuzi uliobaki kwenye kona ukashuka ukalowesha madaftari ya watoto ya mwaka mzima, bahasha, magazeti, vyote vimeshikana vinanuka. Na pembeni ya hilo tofali, donge la tishu. Nikalibinya. Kigumu.

Wifi alinyamaza kwa muda halafu akasema, "Lakini karatasi ni karatasi."

Si kweli, na ndo niliposhika hoja yangu. Karatasi kila ikirejelezwa nyuzi zake zinafupika, inavumilia kama mara tano mpaka saba hivi halafu basi, na tishu iko mwisho kabisa wa safari hiyo, nyuzi zake fupi, tena imeshafuta midomo na pua za watu. Haiendi kwenye karatasi. Risiti nyingi za dukani nazo usiweke humo, ile inayoteleza huwa imepakwa kemikali ya kuitikia joto. (Meno yalipona, asanteni. Nilitaka kuyachemsha, mzee akanikemea kwamba maji ya moto sana yanayapinda, akayasugua mwenyewe kwa brashi na sabuni ya maji bila haraka, sisi tukiwa tumesimama na glavu moja moja.)

Nilivyokuwa naanza kuandika nilidhani kisa hiki kitanisaidia kumcheka wifi na ndoo zake. Sasa nimekimaliza kukisimulia naona hakisemi hivyo. Ndoo hazikuwa na kosa. Kosa ni unyevu. Karatasi zote za mwaka zimeuliwa na mchuzi wa kona moja ya boksi, plastiki ambayo pengine ingepata mnunuzi imeuliwa na kijiko cha mtindi, na uzito wote ulikuwa kwenye chakula ambacho tulikinunua, tukakibeba, tukakiweka kwenye friji, tukakilinda mpaka kikaoza. Umoja wa Mataifa kupitia UNEP, shirika lake la mazingira, walitoa ripoti 2024 wakakadiria chakula kilichotupwa 2022 kuwa tani bilioni 1.05, na asilimia 60 hivi kilitupwa majumbani. Si mahotelini, si masupamaketi. Kwetu. Na chakula kikifukiwa dampo chini ya taka nyingine bila hewa kinatoa methani, gesi inayopasha dunia joto kuliko ile kaboni tunayoitaja kila siku, kwa hiyo msidanganyike kwamba kinaoza tu kinarudi ardhini.

Kwa hiyo kama mnataka kujua tumefanya nini ili zipungue, jibu linachosha: tunaangalia friji kabla ya kwenda kununua. Kiporo kinakaa rafu ya mbele usawa wa macho, siyo kule nyuma kwenye droo ya chini ambako mboga zinakwenda kufia. Kinachobaki, maganda na majani ya chai, kinaingia kwenye mboji. Mboji nayo watu wanaikimbia kwa sababu ya harufu na funza, lakini harufu ni dalili kwamba umeweka mbichi tupu, inataka kavu nyingi juu yake, majani makavu au maboksi yaliyochanwa chanwa, kila ukimwaga mbichi funika na kavu, ipindue ipate hewa. Yale maboksi yenye mafuta ambayo kiwanda cha karatasi hakiyataki, kama hayana ule mng'ao wa plastiki ndani, mboji inayapokea bila maneno. Korea ya Kusini walipiga marufuku chakula kwenda dampo toka 2005, baadaye wakaanza kuwalipisha watu kwa kiasi wanachotupa, na ukilipia uzito wa fungu la mboga uliloliacha likaoza utalikumbuka siku nyingine.

Haya, sasa nitajipinga mwenyewe hadharani. Nilisema kutenganisha ni geresha. Kwa plastiki nyingi bado nasema hivyo, ukitaka zipungue usizilete nyumbani. Lakini siwezi kusema hivyo kwa kopo la soda. Alumini ukiiyeyusha tena unaokoa kama asilimia 95 ya umeme na moto ambao ungetumika kuitoa kwenye udongo wa madini, na inarudi kuwa kopo tena na tena, haichoki kama karatasi. Kioo vilevile hakichoki. Kuvitupa hivyo kwenye maji meusi ya mboga ni uonevu. Na betri, hasa hizi za lithiamu za simu na vifaa vya kuchaji, zikipondwa na gari la taka zinawaka, hizo ni lazima zikae pembeni upende usipende.

Kwa hiyo mkinibana, mhariri, basi ndoo mbili na kopo la betri. Yenye kulowa na isiyolowa. Wenzetu wa Kamikatsu kule Japani wanatenganisha mafungu zaidi ya arobaini, nawaheshimu, lakini wale ni kamji kadogo na mazoea wameyajenga miaka mingi, mpango wao wa kutobakiza taka waliutangaza 2003, mi na watu wangu mafungu arobaini tutauana. Mbili tunaweza. Kikopo chenye mtindi ndani si kikavu, ama ukipanguse kwa maji yaliyobaki ya vyombo ama usijifanye unarejeleza. Tishu iende kwenye yenye kulowa.

Najua mtaniuliza, je kama gari likija linachanganya zote? Uliza kwanza wanapeleka wapi, maana kuna sehemu huchanganya garini na kutenganisha mbele ya safari, na kuna sehemu ni uongo mtupu. Hata kama ni uongo, kavu iliyobaki kavu yule anayeokota chupa na makopo anaweza kuichukua bila kutumbukiza mkono kwenye ule uji niliouona kwenye turubai, kwa hiyo siyo bure, ila isiwe sababu ya kuacha kuwauliza wenye gari. Anayekaa ghorofani bila hata kiganja cha udongo, mboji kwake ni ngumu, asijilaumu, aanze na friji. Wifi ameshasoma rasimu hii, anasema ndoo tatu zake zilikuwa sahihi ila watu ndo wabovu, nimemwachia hilo. Za pampas msiniulize, sina jibu, zimelowa na bado hazifai mboji, na nyumbani kwetu hivi sasa zipo nyingi kuliko vitu vingine vyote nilivyovitaja.