Swali la lugha: Bei kikomo, tozo na shilingi ya Waziri

Msomaji ameuliza hivi: "Redio ilisema bei elekezi ya mafuta imepanda, lakini tangazo la EWURA linasema bei kikomo. Taarifa ya bungeni ikaongeza kwamba Mbunge ameshika shilingi ya Waziri wa Nishati kwa sababu ya tozo. Rafiki yangu wa Mombasa anadai kwamba hiyo tozo ilipaswa kuitwa ushuru. Nani yuko sahihi?"

Tuanze na bei. Kinachotangazwa na EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti huduma za nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi ni bei kikomo. Kikomo ni mwisho, mpaka usiovukwa. Mwenye kituo anaruhusiwa kuuza chini ya hapo ili kushindana na mwenzake wa ng'ambo ya barabara, ila akizidisha amevunja sheria. Bei elekezi ni kitu kingine: inaelekeza tu, na asiyeifuata hajavuka mpaka wowote. Neno elekezi tunalisikia sana kwenye habari za sukari na mbolea, na huenda ndiyo sababu watangazaji wanalihamishia kwenye mafuta bila kuwaza. Madhara yake ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Mwendesha bodaboda aliyeambiwa kwamba bei ni "elekezi" akitozwa zaidi ataona hana pa kulalamikia, kumbe anapo. Akiwa na stakabadhi inayoonyesha jina la kituo, tarehe, aina ya mafuta na bei ya lita, ana ushahidi kamili.

Kisarufi, bei kikomo ni nomino mbili zilizoambatana na hazihitaji "ya" katikati. Andika bei kikomo ya petroli imepanda, na kwa wingi bei kikomo za petroli na dizeli zimepanda. Ukisema EWURA "imetangaza" bei utakuwa sahihi zaidi kuliko "imepandisha", kwa sababu mamlaka hiyo hukokotoa kwa kanuni yenye vipengele vingi: bei ya soko la dunia, gharama za meli na bima, thamani ya shilingi mbele ya dola, kodi na tozo, gharama za bandarini, faida ya wauzaji, na usafiri hadi wilayani. Kwa sababu ya hicho cha mwisho, na kwa kuwa mafuta hushushwa Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, hakuna "bei kikomo ya Tanzania" iliyo moja. Habari isiyotaja mahali haijamaliza kazi yake.

Hapo pana mtego mwingine. Katika sheria na matangazo, mafuta ya petroli hujumuisha petroli, dizeli na mafuta ya taa. Petroli peke yake ni ile ya gari dogo na pikipiki. Mwandishi anayefupisha "bei za mafuta ya petroli zimeshuka" kuwa "petroli imeshuka" anaweza kutangaza jambo ambalo halikutokea, maana pengine iliyoshuka ni dizeli.

Sasa tozo. Kwa matumizi ya Tanzania, kodi ndilo neno pana, kama kodi ya mapato na kodi ya ongezeko la thamani. Ushuru hutozwa juu ya bidhaa: ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa. Tozo mara nyingi huwa na kazi iliyotajwa. Shilingi 100 zilizoongezwa kwa kila lita ya petroli na dizeli katika bajeti ya 2021/22 kwa ajili ya barabara zinazosimamiwa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ziliitwa tozo, na ni sahihi. Lita moja hubeba ushuru na tozo kwa pamoja, kwa hiyo si visawe vya kubadilishana ili sentensi isichoshe. Rafiki wa Mombasa naye hajakosea, kwa Kenya. Huko ushuru ndilo neno la jumla: Wakenya hulipa ushuru kwa KRA, mamlaka yao ya mapato, na ushuru wa VAT (yaani kodi ya ongezeko la thamani) kwenye mafuta ulipanda kutoka asilimia 8 hadi 16 kwa Sheria ya Fedha ya 2023. Wizara yenyewe huko ni ya kawi, Tanzania ni ya nishati. Ukiandika habari ya Nairobi tumia ya Nairobi, ukiandika ya Dodoma tumia ya Dodoma, na usizichanganye ndani ya aya moja.

Ruzuku ni mwelekeo wa kinyume: Serikali ndiyo inayotoa. Mei 2022, baada ya wabunge kulibeba suala la kupanda kwa bei kama jambo la dharura, Serikali ilitangaza bungeni ruzuku ya shilingi bilioni 100 kuanzia Juni. Kuripoti uamuzi huo kuwa "Serikali yapunguza tozo" kungekuwa kosa la fedha na la lugha pia. Tozo ikipunguzwa, Serikali inakusanya kidogo. Ikitoa ruzuku, inatumia ilichokwisha kukusanya.

Kushika shilingi ndiyo sehemu inayopotoshwa zaidi. Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi kupitia makadirio ya wizara, Mbunge anaweza kusimama kwenye mshahara wa Waziri na kuomba ufafanuzi wa sera, tuseme kwa nini tozo fulani ya mafuta ibaki wakati bei ya dunia imepanda. Asiporidhika, anatoa hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara huo. Hiyo ndiyo lugha rasmi, kuondoa shilingi. Wenzake wakimuunga mkono, hoja inajadiliwa na Waziri analazimika kujibu kwa kina. Mbunge akiridhika anarudisha shilingi, asiporidhika Bunge linahojiwa na kuamua kwa kura. Shilingi hiyo ni ufunguo wa mjadala. Kwa hiyo "Mbunge azuia mshahara wa Waziri" si kweli, na "Mbunge akwamisha bajeti" ni mbali zaidi na ukweli. Kukataa bajeti nzima ya Serikali ni jambo zito la Ibara ya 90 ya Katiba, linaloweza kumfanya Rais alivunje Bunge.

Usiandike pia kwamba "Bunge limepandisha bei ya mafuta". Bunge hupitisha Sheria ya Fedha, na humo tozo huongezwa au kupunguzwa. Sentensi salama ni Bunge limepitisha nyongeza ya tozo, kisha sentensi ya pili ieleze nyongeza hiyo itaingia kwenye bei kikomo ya mwezi gani.

Mwisho, unaponukuu makadirio angalia ngazi: fungu ni la wizara nzima (Wizara ya Nishati ni Fungu 58), kifungu kiko ndani ya fungu, na kasma ndani ya kifungu. Waandishi wengi huandika "kifungu 58", na msomaji makini anakwenda kukitafuta kwenye sheria asikione.